Mikono ya Siku za Bamvua

Nilimwosha Bi Rukia mimi. Mwosha hasemi alichokiona, na mimi sitasema, maana siri ya maiti ni amana nitakayoulizwa. Lakini neno moja ni langu, halimhusu yeye, na hilo naweza kuliandika. Nilipouinua mkono wake wa kulia ili maji yapite kwapani, niliushika pale pale kwenye kifundo, kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akitushika sisi. Sikukusudia, vidole vilikwenda vyenyewe. Mkono ulikuwa mzito, haukunizuia. Nikasema moyoni, leo hakuna swali, Rukia, Mungu akurehemu, nikaendelea na kazi. Binti aliyekuwa akinimiminia maji aliniuliza kwa nini natabasamu mbele ya maiti, nikamwambia amimine taratibu.

Msiba ulikuwa Kiegeani, nyumbani kwa mwanawe alikohamia uzeeni, lakini mwaka ninaotaka kuuandika ulikuwa wa Juani, kisiwani kwetu, nilipokuwa binti ambaye hajaolewa, nikisomesha watoto wa kike Kurani chuoni alfajiri na kufunga mwani kwenye kamba baharini maji yakitoka. Mwani ulikuwa kitu kipya kwetu wakati ule. Bamvua likiingia, bahari ilirudi mbali ikatuachia uwanja wa mchanga na kamba, nasi wanawake tukainama humo tangu asubuhi hadi maji yalipotufukuza. Maji mafu yakija, bahari haikutoka vya kutosha, tukabaki nyumbani tukisuka ukili na kupepeta nafaka. Nilikuwa nakaa na dada yangu Zuhura, ambaye mumewe alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, akirudi akitaka. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na uwa wa makuti, na kila kilichosemwa uani kwa jirani tulikisikia, nao wakasikia chetu.

Bi Rukia alirudi mwaka huo kutoka Dar es Salaam, alikofanya kazi muda mrefu katika nyumba ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitibu watu kwa mikono. Alirudi na masanduku mawili, jiko la mafuta ya taa na picha ya mtu asiye na ngozi. Picha ile aliibandika chumba cha mbele, mahali ambapo sisi wengine tungetundika kalenda. Ilikuwa ndefu kama mlango. Misuli ilionekana myekundu, imepitana kama ukili, na kila msuli ulikuwa na jina lake kwa herufi ndogo za kigeni. Wanawake wa kwanza kuingia walicheka hadi wakakaa chini. Habari zikamfikia Maalim Bakari, kaka yake, ambaye ndiye aliyenisomesha mimi, akaja na fimbo yake.

"Rukia, picha ya kiumbe ndani ya nyumba ya Mwislamu?"

"Kaka, huyu hana ngozi, hana kope, hana sikio. Kiumbe gani huyu? Hii ni ramani."

Maalim aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi ramani ivishwe shuka," akatoka. Kipande cha kanga kikafungwa kiunoni kwa pini, na yule mtu akakaa mwaka mzima ukutani akiwa amejistiri, misuli juu na maua ya kanga chini.

Kazi ilikwenda hivi. Unasimama katikati ya chumba, mkono wa kulia umeunyoosha ubavuni usawa wa bega. Mkono wa kushoto umeshika kifuani kitu unachotaka kukijua: kipande cha pweza, chumvi ndani ya karatasi, majani ya mlonge, chochote. Bi Rukia anasoma bismillahi, anaweka vidole viwili juu ya kifundo, anasema "Zuia," kisha anabonyeza. Mkono ukisimama, kitu kile kinakufaa. Ukianguka, mwili umekikataa. Alisema kichwa hudanganya na ulimi hudanganya, lakini msuli hauna sababu ya kudanganya. Sisi tuliongoja zamu mkekani tulikula, maana hakuna aliyetoka kwake na njaa. Alikuwa na mkate wa kumimina laini ambao sijaonja mfano wake, chai ya tangawizi kali ya kutoa machozi, na muhogo wa kuchemsha aliouleta na nazi iliyokunwa. Alasiri zile za bamvua, tukiwa tumetoka majini na chumvi imekauka shingoni, chumba kile kilikuwa kama kuoga.

Sitaki kumdhulumu. Mikono yake ilikuwa rehema. Baada ya kupima alikukanda mabega kwa mafuta ya nazi, akitafuta fundo kwa kidole gumba hadi ulie, kisha fundo likafunguka. Alinifundisha nichuchumae nikifunga mwani, nisipinde kiuno, na mgongo ulioniuma tangu siku ya kwanza ukaacha kuuma. Hadi leo nikiokota kitu chini naokota kama alivyonionyesha. Ninaposwali na kusujudu bila kuguna, wakati wenzangu wa umri wangu wanaswali kitini, namkumbuka na namwombea.

Ila ulifika wakati ambapo kisiwani hapakuwa na chakula kisichopita kwenye kifundo cha mkono. Nasikia mazungumzo yale hata sasa.

"Mimi nimekatazwa pweza," alisema Bi Kazija, jirani yetu, hodari wa pweza kuliko wote.

"Nani kakukataza?"

"Mkono."

"Mkono huo huo uliomchokoa mwambani?"

"Huo huo. Unavua, lakini hautaki kula."

Mwingine akasema, "Mimi nimemwaza mume wangu kimoyomoyo, mkono ukaanguka paa!"

"Wangu unauma, na mumeo hata sijamwaza."

Tukacheka, chai ikamwagika. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa watu waliochoka.

Dada Zuhura alikuwa ametoka hospitali ya Kilindoni muda si mrefu kabla ya hapo. Alikuwa na kifua kikuu. Muuguzi alimweleza mbele yangu kwamba vidonge ni kila siku, kwa miezi mingi, na kwamba hatari kubwa itakuja siku atakapojiona amepona. Mimi ndiye niliyemchotea kopo la maji kila alfajiri baada ya swala, nikasimama hadi ameze. Vidonge vile viligeuza rangi ya mkojo. Mara ya kwanza aliniita chooni kwa sauti, "Njoo uone, Mwanaisha! Nakojoa rozela!" Lakini alinenepa. Mashavu yakarudi, sauti yake ya kugombana ikarudi, kisha akarudi na yeye mwanini, nikamshukuru Mungu kwa kila tusi alilonitukana.

Jioni moja ya bamvua alirudi kutoka kwa Bi Rukia tukiwa tunaandaa chakula. Ilikuwa ugali na mchuzi wa papa. Alinawa, akaketi, akamega tonge, akasema bila kunitazama, "Kesho usinichotee maji ya vidonge."

"Kwa nini?"

"Mwili umevikataa. Nilivishika kifuani, mkono ukaanguka kabla hajabonyeza vizuri. Muulize Kazija, alikuwepo."

"Dada, muuguzi alisema..."

"Muuguzi hakuuona mkono wangu. Mimi nimeuona kwa macho yangu. Unadhani nakojoa nyekundu kwa wema?"

"Umenenepa kwa vidonge hivyo."

"Nimenenepa kwa papa. Kula."

Baada ya chakula alikichukua kikopo cha vidonge akakipandisha juu ya ukuta, chini ya makuti, mahali ninapofika kwa kupanda kigoda. Nilikaa nikikitazama. Yeye alikuwa mkubwa wangu, aliyenilea kama mama, na katika adabu niliyofundishwa hakuna mlango wa kumshika mkubwa wako taya na kumtia kidonge mdomoni. Nimeishi kuona mabinti wengi wakiambiwa adabu ni kunyamaza. Mimi naamini Mungu ameamrisha adabu, na naamini hakuna adabu inayotaka mtu amtazame dada yake akifa huku akimpa shikamoo.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Rukia kabla maji hayajatoka.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

Nilimwambia nilichokuja nacho. Alinisikiliza vizuri huku akinimiminia chai, akanisogezea mkate. Kisha akasema, "Mimi sikumwambia aache. Nimemwambia mwili wake unasema nini. Kuacha au kutoacha ni lake."

"Na akiacha akafa?"

"Usiseme maneno hayo asubuhi. Kunywa chai, inapoa."

Kauli ile nimeisikia tena mara nyingi maishani, kutoka kwa watu wenye vyeti na wasio na vyeti: Mimi sikumwambia aache. Mtu anakusukuma ukingoni kwa vidole viwili, kisha anasema kuanguka ni lako. Niliinywa chai ile kwa heshima hadi tone la mwisho, nikatoka nikiwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika.

Kutoka pale nilikwenda kwa Maalim Bakari. Nilimkuta barazani kwa chuo na buli la kahawa, peke yake, bila kashata. Dada yake alikuwa amempima, ikaonekana kashata hazimfai, na kila mtu Juani alijua alivyoteseka. Nilimweleza habari ya Zuhura. Alizungusha kikombe mkononi.

"Mwili ni amana ya Mungu," alisema. "Siku ya Kiyama mikono itasema na miguu itashuhudia. Kama itasema siku hiyo, nini kinaizuia kusema leo?"

"Maalim, siku hiyo itasema tuliyoyatenda. Haitaulizwa habari ya dawa."

Alijimiminia kahawa nyingine.

"Na siku hiyo midomo itafungwa," nikasema. "Leo midomo iko wazi, na wa dada yangu utarudi kukohoa."

"Una ulimi, Mwanaisha."

"Ndio huo ulionisomesha nao."

"Rukia ni ndugu yangu. Haanzi ila kwa bismillahi. Ningeona ramli ningekuwa wa kwanza kuikataza."

"Na mimi husema bismillahi nikiingia majini, Maalim, na kamba hukatika."

Alinywa kahawa yake, uso umekunjamana. Nilijua sitapata zaidi ya hapo. Alinipenda, ila alimpenda pia dada yake, na mtu anayekaa kati ya mapenzi mawili hupenda siku ipite.

Siku zikapita. Bamvua likaisha, maji mafu yakaja, bamvua jingine likaingia, na kikohozi cha Zuhura kikarudi. Kwanza kilikuwa cha alfajiri tu. Alikificha ndani ya kanga. Nilikisikia kwa sababu nilikuwa nikikingoja, nimelala upande wa pili wa ukuta, nikihesabu pumzi zake kama mtu anayesikiliza mvua. Nilimwambia, akanijibu ni vumbi. Nilimwambia tena, akasema nikirudia atahamia kwa Kazija.

Jibu lilinijia nikitawadha. Ilikuwa alasiri, nimetoka mwanini, nimechuchumaa uani. Nililiinua kopo kwa mkono wa kulia, mkono ukatetemeka, maji yakamwagika kifuani. Jambo hilo lilinitokea kila bamvua tangu nianze kazi ile. Sote lilitutokea. Chuoni siku hizo sikuweza kumshikia mtoto ubao wake. Tulilibeba kama tulivyobeba chumvi kwenye ngozi, hakuna aliyelitaja. Nilibaki nimechuchumaa na kopo tupu. Kazija alikatazwa pweza lini? Bamvua. Na aliruhusiwa tena lini, akaja akicheka kwamba mwili umebadilika? Maji mafu, baada ya siku kadhaa za kukaa na kusuka. Zuhura alishika vidonge lini? Nikakumbuka pia hadithi za Bi Rukia kuhusu ile nyumba ya Dar es Salaam, na wageni waliokuja kupimwa wakishuka kwenye magari, mikono imebeba funguo tu. Kazi ile aliisomea kwenye mikono iliyolala. Akaileta Juani, akaiweka mbele ya wanawake waliotoka kufunga kamba tangu jua kuchomoza, na kila mkono ulioanguka kwa uchovu akaupa maana.

Nilirudia udhu wangu, nikaswali, nikakaa kwenye mswala nikifikiri. Nikimwambia, atanimiminia chai. Nikiwaambia wanawake, watasema mwalimu wa watoto anajifanya daktari. Ndipo nikakumbuka kichupa.

Maalim aliporudi Hijja alitugawia maji ya Zamzam wanafunzi wake tuliohitimu, kila mmoja kichupa kimoja cha dawa kilichooshwa, kizibo kimezungushiwa uzi wa kijani alioufunga mwenyewe. Nilikuwa nimekitunza sandukuni, chini ya nguo zangu za Idi. Nilikitoa nikakifunga kwenye pembe ya kanga.

"Dada," nikamwambia Zuhura, "twende kwa Bi Rukia tukapime maji haya, kama yanafaa kwa kifua chako."

"Maji gani?"

"Maji."

"Haya! Umeamini sasa?"

"Twende tu."

Chumba kilijaa. Kazija alikuwepo, na wengine wengi, miguu bado ina matope meupe ya mwanini. Maalim Bakari alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nje, ametupa mgongo kwa adabu, na kahawa yake isiyo na kitu. Zamu yetu ilipofika Zuhura alisimama, akanyoosha mkono, akakishika kichupa kifuani. Bi Rukia akasoma bismillahi. "Zuia." Akabonyeza. Mkono ukaanguka.

"Maji haya yana chumvi," akasema Bi Rukia, akitikisa kichwa. "Usiyanywe, Zuhura, yatakukausha kifua. Yametoka kisima gani?"

Nilikuwa nimepanga maneno, lakini yote yalinipotea. Maalim aligeuka, nadhani kwa sababu ya kimya kile, akakiona kichupa mkononi mwa Zuhura. Aliutazama ule uzi wa kijani.

"Rukia."

"Labeka, kaka."

"Kisima hicho hakipo Juani."

"Kipo wapi?"

"Maka."

Mtu akasema "Astaghfirullahi" kwa sauti ndogo. Kazija aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bi Rukia aliondoa vidole vyake kama aliyegusa sufuria ya moto, akanitazama mimi, si dada yangu.

"Umenitega."

"Ndiyo, Bi Rukia. Nimekutega."

"Mtoto mdogo kama wewe."

"Nilikuja na maneno ukanipa chai."

Hapo sauti yangu ikapatikana, nayo ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nilisema mkono wa dada yangu haukuikataa Zamzam na haukuvikataa vidonge. Umetoka mwanini. Sote mle ndani tulikuwa tumetoka mwanini. Nikasema ambonyeze tena hivyo hivyo, asishike kitu, waone. Bi Rukia hakusogea. Wanawake walitazama chini kwenye mkeka. Nilidhani nimeshindwa, kwamba watanitoa nje na Zuhura atabaki nao, nami nitarudi nyumbani kukaa na kile kikopo chini ya makuti.

Zuhura ndiye aliyesogea. Alinirudishia kichupa bila kunitazama. Akausimamisha tena mkono wake wa kulia, na wa kushoto akaufungua kiganja juu ili kila mtu aone hauna kitu. "Bonyeza," akasema. Bi Rukia hakubonyeza. Zuhura akabaki amesimama hivyo hivyo. Tuliusikia upepo kwenye makuti. Mkono ulianza kutetemeka vidoleni, kisha kwenye kiwiko, ukashuka wenyewe, taratibu, mbele ya picha ya yule mtu wa misuli na kanga yake, wala hapakuwa na aliyeugusa. Ulipofika chini Zuhura alikohoa, kikohozi kirefu alichokuwa amekificha siku zote zile, na safari hii hakutafuta kanga ya kukifichia.

Njia nzima alinitangulia. Tulipofika alisimama chini ya ukuta akasema, "Nishushie kikopo changu. Na usidhani ni kwa ajili yako." Asubuhi tulivuka kwenda Kilindoni. Muuguzi alimfokea kama mtoto, akamwanzishia upya tangu mwanzo, na Zuhura, ambaye hajawahi kufokewa akanyamaza, alinyamaza.

Watu husema niliomba radhi baadaye. Sikuomba, na siombi leo. Niliyatumia maji matukufu kumtegea mtu mzima mbele ya watu, nikamwaibisha aliyenilisha na kunikanda mgongo. Nimelileta jambo hilo mbele ya Mola wangu mara nyingi, na kila mara natoka nikiwa na amani. Nililipa. Wazazi waliwatoa binti zao chuoni kwangu, wakisema mwalimu mwenye mitego atawafundisha mitego, na kwa muda mrefu nilisomesha kabanda karibu tupu. Niliwasomesha waliobaki kwa sauti ile ile ya siku chuo kilipojaa. Siku moja Maalim Bakari alikuja, akaketi mbele, akasikiliza watoto wakisoma. Alitoa kashata mfukoni, akaipangusa, akaila yote, taratibu, macho yamefumba. Wiki iliyofuata watoto walianza kurudi.

Na Bi Rukia? Jambo lile hakunitajia hadi alipokufa. Lakini bamvua lililofuata alitandika mkeka mwingine nje ya mlango wake, na kila mwanamke aliyefika aliulizwa, "Umetoka mwanini?" Akijibu ndiyo, aliambiwa, "Lala hapo kwanza. La kupima njoo nalo maji mafu." Alimkanda, akamlisha, asimpime. Na mtu akimletea vidonge vya hospitali alivirudisha bila kuvigusa, akasema, "Hivyo peleka kwa wenyewe." Idi ile alituletea sahani ya mkate wa kumimina imefunikwa kitambaa. Tuliula wote, na sahani tukairudisha na pweza mkavu ndani.

Nilikuwa nikiyafikiri hayo siku ya pili ya matanga, Kiegeani, tumekaa uani kwa wanawake, nikamwona Nasra, mjukuu wa marehemu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na mkoba wa chupa za vidonge vya virutubisho, na alikuwa amemsimamisha mama mmoja jirani, mkono umenyooka, chupa kifuani. Niliyajua maneno kabla hajayasema.

"Unaona, mama? Ukishika dawa zako za presha unaanguka. Ukishika hii unasimama. Mwili unajua."

Nilisema kutoka nilipokaa, "Nasra, bibi yako alikufundisha kumuuliza mtu ametoka wapi?"

"Shikamoo bibi. Ametoka wapi vipi?"

"Marahaba. Huyu amechota maji ya msiba mzima tangu juzi. Una hakika ni mikono yake inayokujibu?"

"Bibi, hii ni sayansi. Siyo mambo ya zamani."

"Sawa. Na wewe mama, sayansi au si sayansi, usiache dawa zako. Ukitaka kuziacha, kamuulize aliyekupa. Nimesema mbele ya watu, na huyu marehemu tuliyemzika angesema hivyo hivyo."

Wapo walionikunjia uso, kwamba msibani si mahali pa kugombana. Nilikwisha kukunjiwa uso wa namna hiyo nikiwa msichana, na sikufa. Nasra alicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kutokea, akamgeukia dada yangu aliyekuwa ubavuni kwangu, mzee wa sabini na kitu, kifua safi, sauti ikisikika mpaka barabarani.

"Basi tumpime bibi Zuhura. Bibi, nyoosha mkono."

Zuhura aliunyoosha, sawasawa na bega, bila kuuliza ashike nini. Nasra akaleta vidole vyake viwili. Kabla havijamgusa, Zuhura aliushusha mkono mwenyewe, polepole, mpaka kwenye sinia lililokuwa mbele yetu, akashika kikombe cha kahawa.

"Umeanguka," akasema. "Sogeza na kashata."